MOTOKARI YA BABA ITAFUFUKA?

Tembea kidogo katika mitaa ya zamani ya wafanyakazi, kule Likasi, Kolwezi ao Kipushi, na uangalie nyuma ya nyumba. Hutakosa kuona motokari inayolala chini ya muembe. Pine zimekwisha kuoza, majani yanatokea kwa dirisha, na kuku anatagia mayai pale dereva alipokuwa akikaa. Ukiuliza, utajibiwa: "Ile ni ya Baba. Siku moja tutaitengeneza." Mwaka unapita, na mwingine unapita. Watoto waliokuwa wakicheza ndani yake sasa wana watoto wao.

Je, kitu kile ni mali ao ni takataka? Na kama kijana wa nyumba ile anasema anataka kuifufua kwa mikono yake mwenyewe, jioni kisha kazi na siku ya posho, tumwambie nini? Tumpe moyo, ao tumwambie aache kuchoma feza?

Ulizo hili lilinifikia mimi hapa Yanonge, mbali na migodi yenu. Sisi ni watu wa mto. Yanonge iko upande wa kushoto wa mto Kongo, kilomita 60 hivi chini ya Kisangani, na wengi wetu tunaishi kwa samaki, mashamba na biashara ndogo ya pirogi. Lakini telefone imefika. Vijana wakipata rezo kidogo wanaangalia video za Wamarekani wanaonunua motokari ya kale, nyekundu kwa kutu, na kuiingiza katika garaje ya nyumbani. Kisha mwaka mmoja ao miwili inatoka ikiwaka kama sahani mpya, na moteri inanguruma mpaka mbwa wa jirani wanakimbia. Halafu wananijia: "Pasta, na sisi hatuwezi?"

Motokari zenye misuli

Motokari za namna ile Wamarekani wenyewe wanaziita motokari zenye misuli, na historia yao ni fupi. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitwaa motokari ya ukubwa wa katikati, ya kubebea jamaa tu, ikatia ndani moteri kubwa ya silinda nane yenye lita 6.4, ikaiita GTO. Mwezi wa nne wa mwaka ule ule Ford ikatoa Mustang, na katika mwaka wake wa kwanza ikauza zaidi ya 400,000. Zikafuata Chevrolet Camaro, Dodge Charger na nyingine nyingi. Wanunuzi walikuwa vijana wenye mshahara wao wa kwanza. Esansi ilikuwa bei ya chini, barabara zilikuwa pana na nyofu, na hakuna aliyehesabu lita. Motokari ya namna ile kunywa lita 20 na zaidi kwa kilomita 100 haikuwa jambo la ajabu.

Mwisho wa mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipofunga mafuta, sherehe ilikuwa inakwisha. Tarehe 30 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka ule ule, kwetu Zaïre, Mobutu akatangaza zairianizasio: maduka na kampuni za wageni zikapewa wenyeji, na katika miaka iliyofuata kupata piesi kukawa shida pahali pengi. Wazee wanaosoma ukurasa huu wanakumbuka vizuri kunishinda. Nadhani motokari nyingi zinazolala leo nyuma ya nyumba zenu zilianza kulala katika miaka ile, kwa kukosa kitu kidogo tu ambacho wakati ule hakikupatikana.

Vijana wanapenda nguvu, sikatai. Lakini mimi nawaambia habari ya jirani zetu wa mashariki. Mwaka 1953, wakati malkia Elizabeth wa Uingereza alipotawazwa, walianzisha mashindano ya motokari ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, matope na vumbi na mito isiyo na daraja. Baadaye yakaitwa Safari. Mwaka 1964 Wamarekani wakaleta timu ya Mercury Comet, zenye silinda nane, na mafundi wao na piesi zao. Mbili tu zilifika mwisho. Motokari 94 zilianza na 21 zilimaliza, na iliyoshinda ilikuwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young, yenye moteri ya lita moja na nusu. Matope hayakuheshimu misuli.

Mwaka wa 1965 ni mtamu zaidi kwa habari yetu. Joginder Singh, Mhindi wa Kenya aliyejifunza ufundi katika garaje ya baba yake huko Kericho, hakuwa na motokari mpya. Alitwaa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ile Volvo ilikuwa ya timu ya kampuni yenyewe mwaka uliotangulia, ikapigwa na barabara mpaka ikachoka. Joginder akaitengeneza tena, akaingia mashindanoni pamoja na ndugu yake Jaswant, na wakashinda. Aliyewafuata alikuwa nyuma yao kwa zaidi ya saa moja na nusu! Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, na watu wakamwita Simba wa Kenya. Alifariki mwaka 2013.

Kule Nairobi upendo huu haujakwisha. Tangu mwaka 1970 chama cha wenye Alfa Romeo kinafanya maonyesho ambapo wenyeji wanaleta motokari na pikipiki zao, na waamuzi wanainama kuangalia hata chini ya tumbo la motokari. Tangu 2003 kuna pia Safari ya motokari za zamani. Basi ni kazi inayojulikana katika Afrika yetu, si video za Wamarekani tu.

Land Rover ya mjane

Sasa nirudi Yanonge, sababu ni hapa ulizo lilipata kuwa na uzito. Katika jamaa moja ya kanisa letu, baba alikufa na kuacha Land Rover Series III. Alikuwa dereva miaka mingi, na siku ya kuacha kazi alipewa ile motokari, ikiwa imekwisha kuzeeka, pamoja na karatasi zake. Aliiendesha miaka michache, ikalala. Aliacha mjane, vijana watatu na binti mmoja wa mwisho. Kijana mkubwa yuko kwenu, anatumika Kolwezi, na anatuma mafranga kwa telefone. Wawili wako nyumbani.

Ndipo wakafika wanunuzi wa vyuma vya kale, wale wanaokata kila kitu na kupima kwa kilo. Baba mdogo alitaka kuuza. Vijana wakakataa, wakasema wataifufua kama Wamarekani wa video. Siku ile wakaanza kufungua bolti.

Mama ndiye aliyekuja kwangu, na hakuja kwa sababu ya baba mdogo.

"Baba Pasta," alisema, "mimi sikatai motokari ya baba yao. Lakini mwezi uliopita yaya wao alituma mafranga ya batri, na dada yao alirudishwa kutoka shule juu ya minervali. Batri inaweza kungoja. Mtihani haungoji."

"Mama, umewaambia vijana?"

"Nimewaambia. Wananijibu: Mama, motokari ikitembea, itatulipia minervali ya miaka yote."

Msomaji wangu, jibu lile nimelisikia katika nyumba nyingi. Nimelisikia juu ya pikipiki, juu ya shimo la madini, juu ya kompresa iliyonunuliwa kwa deni: itajilipa. Mimi nilikwenda kuketi nao na niliwaambia wazi kwamba motokari ya zamani inayofufuliwa nyumbani haijilipi. Hata Wamarekani, wenye piesi zote na garaje yenye taa, mara nyingi wanaingiza feza nyingi kushinda bei watakayouzia. Wanafanya kwa furaha, kama vile wewe unavyocheza mpira ao kupiga gitaa. Furaha si zambi. Lakini furaha inalipwa na feza iliyobaki, na minervali si feza iliyobaki. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali hailipwi, ni kweli, lakini binti yule yuko sekondari, na sekondari inalipwa.

Tulikaa saa tatu usiku ule. Kwanza tulimaliza shauri la baba mdogo, sababu bila hilo vijana wangefanya kazi ya bure. Kitabu cha sheria ya jamaa cha mwaka 1987 kinasema watoto wanarithi sehemu tatu kwa nne za mali ya marehemu. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Basi ndugu za baba wana neno lao, lakini hawawezi kuja na kuuza peke yao. Na ninyi munaotamani motokari inayolala nyuma ya nyumba ya kampuni ya zamani, angalieni karatasi kabla ya kugusa bolti moja. Karte roze iko kwa jina la nani? Ukifufua motokari ya mwingine, siku itakapowaka ndipo mwenyewe atatokea.

Kisha tukaandika daftari. Upande mmoja: shule, chakula, dawa. Upande wa pili: motokari. Upande wa pili haupati franka hata moja mpaka upande wa kwanza umekwisha kulipwa mwezi ule. Mama anatia sahihi. Na mwandishi wa daftari ni binti mwenyewe, sababu katika nyumba ile hesabu yake ndiyo safi kushinda zote. Yaya wa Kolwezi alisikia yote kwa telefone. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Ni sawa. Mama atie sahihi."

Anza chini

Vijana wote wanataka kuanza kwa rangi. Wanaota ile siku ya kuoshwa na kupigwa picha. Lakini rangi ni kazi ya mwisho kabisa, na Land Rover inafundisha jambo hilo kushinda motokari nyingine.

Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, basi sehemu kubwa ya karosri ikafanywa kwa aluminiumu. Aluminiumu hailiwi na kutu kama chuma. Kwa hiyo kwa macho motokari hii inakudanganya: juu unaona nzima, na chini shasi ya chuma imekuwa kama muhogo ulioliwa na panya. Shasi yake ni kama bomba la pembe nne, lenye matundu. Tope linaingia, linakaa ndani, halikauki, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mvua na unyevu wa mto havitoi nafasi ya kukauka.

Basi ingia chini na nyundo ndogo. Gonga polepole toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, kama mtu aliye na mafua. Pale panapojibu vibaya, sukuma kwa turnevisi. Ikiingia, tia alama ya chaki. Shasi ya mjane ilikuwa na alama 11, nyingi pale resori za nyuma zinaposhikwa. Ukuta wa chuma ulio kati ya moteri na miguu ya dereva ulikuwa umetoboka pia. Sehemu zile tuliita fundi wa sudire, mwenye grupu yake. Anakata yote iliyooza mpaka afike chuma kizima, anatia bati nene la milimita 2 ao 3, na ndani anamwagiwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Fundi anayebandika kipande juu ya kutu, mwambie aksanti na umlipe usafiri wake wa kurudi.

Kabla ya sudire, batri inatolewa na tanki la esansi linatolewa kabisa, linapelekwa mbali. Na tanki lenyewe usilipeleke kwa sudire, hata kama unafikiri ni tupu. Mvuke unaobaki ndani unalipuka.

Moteri ilikuwa imeshikana. Ni ya esansi, silinda nne, lita 2 na robo, na ilikuwa haijazunguka kwa miaka. Hapa ndipo haraka inaua. Wengi wanafunga kamba, wanavuta kwa motokari nyingine, na pistoni ao kitu kingine kinavunjika siku ile ile. Sisi tulitoa buji nne, tukamwaga mafuta ya moteri kidogo katika kila silinda, tukaenda zetu. Kesho yake tukaongeza. Land Rover ya namna ile ina maniveli, chuma cha kuzungushia moteri kwa mkono kutoka mbele. Kijana wa pili alijaribu kila jioni, bila kutumia nguvu. Jioni ya tisa ikasogea upana wa kidole. Alipiga kelele mpaka watu wa mtoni walifikiri pirogi imepinduka.

Usiwe na aibu ya kupiga picha kwa telefone kila unapofungua kitu. Hapa telefone inakuwa fundi. Bolti zinaingia katika mikebe ya maziwa, kila mkebe na karatasi yake. Binti ndiye aliyeandika karatasi, na siku moja kaka yake alimwonyesha namna ya kupima pengo la buji, milimita 0.75 mpaka 0.80. Sasa anaifanya vizuri kushinda wao, na wao hawapendi kukubali.

Habari moja ambayo mafundi vijana hawaijui: moteri hizi za zamani zilifanywa kwa esansi yenye risasi, yaani madini ya plombi. Plombi ilikuwa ikilinda viti vya supapi visilike. Lakini ilikuwa sumu kwa akili za watoto, na nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka 2006. Mwaka 2021 dunia yote ikaiacha, Algeria ikiwa ya mwisho. Usiililie. Kwa motokari ya kutembea polepole, kama yetu hapa, madhara ni madogo. Pima supapi zako mara kwa mara, na usikimbize moteri mlimani. Mwenye kutaka zaidi, siku ya kufungua kilase atatia viti vigumu vya supapi.

Freni. Hapa ninataka unisikilize hata kama umechoka kusoma. Mafuta ya freni yanavuta maji kutoka hewani, hata yakiwa ndani ya bomba. Kisha miaka mingi yanakuwa maji na kutu, na mipira ya ndani inapasuka. Usijaribu kuokoa kitu: mipira yote mipya, mafuta mapya. Moteri isiyowaka itakuacha nyumbani salama. Freni isiyoshika itakupeleka mtoni.

Na vumbi lake! Viatu vya freni vya zamani, na sahani ya ambreyaje, vilifanywa mara nyingi kwa amianti. Vumbi lile likiingia katika mapafu linakaa, na ugonjwa unatokea kisha miaka mingi, hata saratani. Ninyi wa migodi munajua vumbi kushinda mimi. Basi usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowanisha kwa maji, pangusa kwa kitambaa, zika kitambaa mbali na kisima, na watoto wasiwe karibu. Vilevile rangi ya zamani inaweza kuwa na plombi: sugua kwa maji, si kwa kukausha.

Kwa kriki nitasema neno moja. Kriki inainua; haishikilii. Mtu asiingie chini mpaka motokari imeketi juu ya vipande vya mti mgumu, na pine nyingine zimezuiwa kwa mawe. Nimezika kijana mmoja kwa sababu ya kriki, katika kijiji kingine, na sitaki kuzika mwingine. Na moteri isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake una gazi isiyo na harufu inayolaza mtu asiamke.

Kama yako si Land Rover

Wengi wenu hamna Land Rover. Nyuma ya nyumba zenu kuna Volkswagen, ile tunayoiita Koksinele, ao Peugeot 404. Hizi ni nzuri sana kwa kujifunzia. Koksinele moteri yake inapozwa na hewa, haina radiateri, basi umepunguza shida moja kubwa. Ilitengenezwa mpaka mwaka 2003 huko Mexico, na hesabu yao ilifika 21,529,464, kwa hiyo piesi bado zinafanywa ulimwenguni. Angalia sakafu chini ya batri, inayokaa chini ya kiti cha nyuma. Pale ndipo inapooza kwanza. 404 ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mwaka ule wa 1963 ni motokari saba tu zilizofika mwisho. Mwenye nayo asione haya.

Lakini uamuzi wa kuacha ni sehemu ya kazi pia. Shasi ikiwa imekwisha toka mwanzo mpaka mwisho, huwezi kuunga kutu kwa kutu. Toa moteri, toa gia, toa milango, uwape wenye motokari kama ile, na vyuma vinavyobaki viende kwa wanunuzi wa kilo. Baba yenu hatakasirika.

Hapa Yanonge tuna shida moja ambayo ninyi wa Lubumbashi hamuijui. Ukikosa bolti moja, siku imekwisha. Unapanda pikipiki mpaka Lubunga, unavuka mto kuingia Kisangani, unatembea duka kwa duka, na jioni unarudi na bolti isiyo yenyewe, sababu Waingereza wa zamani walipima kwa inchi na duka linauza kwa milimita. Vijana wamejifunza kubeba bolti ya zamani mfukoni kama mfano. Wamejifunza pia kungoja, jambo ambalo mimi sikuweza kuwafundisha kwa miaka sita ya mafundisho ya vijana.

Mpaka leo, imetumia miezi 14. Baba mdogo, yule aliyetaka kuuza, alikuja kwanza kutazama, akakaa kwenye kigoda na kutikisa kichwa. Mara ya tatu alikuja na funguo zake mwenyewe za bolti, zile za inchi, alizozificha tangu ujana wake bila mtu kujua. Sasa kila posho yuko chini ya motokari, na hataki kuitwa kula.

Mwezi uliopita moteri iliwaka. Ilitoa moshi mweusi, halafu wa buluu, halafu ikatulia. Motokari imetembea mita 12, kutoka kibandani mpaka mlango wa jiko, kwa gia ya kwanza, vijana wanne wakiwa tayari na mawe ya kuzuia pine. Mama alitoka jikoni, akaweka mkono juu ya kapo iliyokuwa moto, akarudi kwa sufuria yake bila kusema neno.

Haijatoka nje ya parseli. Mipira ya freni iko katika duka moja Kisangani, bei imeandikwa katika daftari, upande wa pili. Upande wa kwanza, juu yake, imeandikwa minervali ya trimestri ya pili, na mstari ule bado haujatiwa sahihi. Yaya wa Kolwezi anasema atatuma mwisho wa mwezi. Binti amekwisha kuwaambia kaka zake kwamba feza ikifika, yeye anajua mstari gani utaanza.